Barua kwa mwanangu: kabla hujashusha injini ya Wish

Marahaba mwanangu.

Umeniuliza mengi kwa mkupuo mmoja, ngoja niyapange kwanza. Toyota Wish yenu ya mwaka 2004 inakula oili. Kwenye foleni ya Mbagala inachemsha. Asubuhi ukiweka D inasitasita kwanza ndipo ishike. Fundi anataka milioni 2 na laki 4 ashushe injini na kuweka nyingine ya mtumba kutoka Japani. Dalali naye anasema umpe Wish, uongeze milioni 6, uondoke na IST ya namba D. Unataka nikuchagulie mmoja kati ya hao wawili.

Kwa sasa simchagui yeyote. Hayo ni magonjwa matatu, na fundi wako ameyaandikia dawa moja. Injini nyingine haitibu gia boksi. Na kama tatizo la kuchemsha liko kwenye rejeta, hiyo injini utakayoilipia itachemshwa na rejeta ileile.

Tuanze na oili. Kwenye picha ya kibati cha modeli ya gari uliyonitumia nimeona ZNE10, kwa hiyo injini yako ni 1ZZ-FE ya cc 1,800. Ingekuwa ANE, ungekuwa na 1AZ-FSE, ile ya D4, na barua hii ingekuwa nyingine. 1ZZ kula oili ni tabia yake inayojulikana, na sababu yake inajulikana pia. Kila pistoni ina ringi tatu: mbili za juu zinashika mgandamizo, ya tatu inapangusa oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini kupitia matundu yaliyo kwenye pistoni. Kwenye 1ZZ za miaka ya mwanzo matundu hayo yalikuwa machache na madogo. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa, masizi yanayaziba, ringi ya tatu inaganda kwenye mfereji wake, na oili inayobaki ukutani inaungua pamoja na petroli. Baadaye Toyota walibadilisha pistoni na kuongeza matundu.

Sasa itazame injini ya mtumba anayokuuzia fundi. Ni 1ZZ ya miaka ileile, yenye pistoni zilezile. Utalipa milioni 2 na laki 4 ununue ugonjwa ulionao, ila huu wa pili hujui umefikia wapi.

Kwa hiyo pima. Asubuhi gari likiwa limelala mahali tambarare, vuta kijiti, futa, rudisha, vuta tena, jaza hadi alama ya F, kisha andika kilomita. Usizidishe juu ya F. Oili ikizidi inapigwa na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, hadi inatoa povu, na inakimbilia kwenye ingizo la hewa. Kila Jumamosi angalia, na kila unachoongeza kiandike kwa mililita. Ukikuta lita 1 imekwenda kwa kilomita 2,000, nunua oili na uendelee na maisha. Ikiwa lita 1 kwa kilomita 1,000, anza kuweka akiba ya ovahoo, yaani kuifungua injini na kubadilisha vilivyokwisha, bila haraka. Lita 1 kwa kilomita 500 hapo hakuna ubishi, injini inafunguliwa. Kumbuka injini hii inabeba lita 3.7 tu ukibadilisha pamoja na filta. Ikila lita moja kila kilomita 1,000 na wewe unasubiri sevisi ya 5,000 bila kuvuta kijiti, itakauka njiani na beringi za krenki zitakwenda. Nyingi zinazoletwa gereji zimekufa namna hiyo.

Kabla ya kulaumu ringi, hakikisha oili haivuji. Angalia gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), swichi ya presha ya oili, na zaidi tenshena, kile kikazio cha cheni ya taimingi inayoendesha valvu. Iko ubavuni mwa injini, upande wa mkanda wa alteneta, imeshikwa na nati mbili. Ndani yake kuna oringi, pete ndogo ya mpira, ambayo ikizeeka inakuwa ngumu kama plastiki, oili inachuruzika ubavuni na watu wanadhani sili ya krenki imekwisha. Oringi yenyewe ni bei ya chee, kazi ni ya chini ya saa moja, lakini wengi huharibu kwenye kurudisha. Pini ya tenshena inasukumwa ndani na kufungwa na kile kindoano chake, inarudishwa, nati zinakazwa, halafu krenki inazungushwa kidogo kwa mkono kinyume cha mwendo wake wa kawaida ili kindoano kifyatuke, kisha inarudishwa kwenye mwendo wake kuhakikisha pini imetoka na kuikaza cheni. Ukiona fundi amefunga nati na kukimbilia kuwasha, mzuie. Kindoano kikiwa bado kimeshika, cheni imelegea, na cheni iliyolegea ikiruka meno valvu zinaweza kukutana na pistoni.

Badilisha pia PCV, ile valvu ndogo iliyofungwa kwenye tapeti kava ikiwa na mpira unaokwenda kwenye ingizo la hewa. Itoe, itikise sikioni. Isipolia kama njugu, imeganda. Ikiziba, presha ya ndani inakosa pa kutokea na inasukuma oili kwenye sili. Mafundi wengi huiruka kwa sababu haina hela.

Halafu moshi. Aliyesimama nyuma ya gari asubuhi akiona moshi wa bluu unatoka mara tu ukiwasha kisha unakata, hizo ni sili za valvu. Moshi wa bluu ukitoka unapokanyaga mafuta kupanda mlima, hizo ni ringi. Baada ya hapo omba kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda: injini ya moto, plagi zote nne nje, petroli imekatwa, pedali imekanyagwa hadi chini. Kwa 1ZZ, psi 189 kwenda juu ni nzuri, chini ya 145 ni mbovu, na silinda moja isiachane na nyingine kwa zaidi ya 15. Iliyo chini itiwe kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na ipimwe tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Na usishangae kompresheni ikiwa nzuri huku oili inaliwa: ringi mbili za juu zinaweza kuwa nzima na ya oili ndiyo iliyoganda. Ukifikia kufungua, zitakiwe pistoni za toleo la baadaye, ringi mpya, sili za valvu na seti ya gasketi. Akikuambia atareboa silinda, yaani kuzichonga ziwe pana zaidi, ondoka hapo. Bloku hii ni ya aluminiamu yenye kuta nyembamba za chuma na haikutengenezwa kwa kureboa.

Kuchemsha ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi, maana oili inaua injini taratibu lakini joto linaiua siku moja. Umesema inachemsha kwenye foleni na ikitembea inapoa. Hiyo yenyewe ni nusu ya jibu. Gari likitembea upepo unafanya kazi ya feni, likisimama feni iko peke yake. Washa AC gari likiwa limesimama utazame feni za rejeta kama zinazunguka. Zisipozunguka fuata fyuzi, rilei, kisha mota. Zikizunguka, chungulia katikati ya rejeta na kondensa ya AC. Vumbi na wadudu hujaa pale, na kuosha kwa mbele tu hakusaidii, maji yapigwe kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa presha ndogo, yasilaze mapezi. Ingekuwa inachemsha kwenye mwendo mkali wa barabara ya Morogoro ningekuambia mirija ya rejeta imeziba kwa ndani au pampu ya maji imechoka.

Mwulize pia fundi wako kama aliing'oa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Najua jibu. Wanaitoa wakidhani wanasaidia, gari linaacha kuchemsha kwa wiki mbili, kisha ugonjwa wenyewe unarudi. Themostati ya injini hii inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Bila hiyo injini inafanya kazi ikiwa baridi, kompyuta inaongeza petroli, oili inachafuka upesi, na masizi yale ya kwenye ringi yanaongezeka. Rudisha themostati, weka kifuniko kipya cha rejeta chenye namba ileile ya presha iliyoandikwa juu ya cha zamani, na ujaze kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Maji ya bomba yanakula aluminiamu na kuacha magamba. Kifuniko usikifungue injini ikiwa ya moto hata mtu akikuhimiza.

Kujua kama gasketi ya silinda hedi imeungua, fungua kifuniko asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, jaza, washa. Mapovu yakipanda mfululizo bila kukoma, au ukikuta uji wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, hapo jambo ni zito. Kama hakuna kati ya hayo, gasketi ya silinda hedi yako huenda bado ni nzima.

Gia boksi ni habari fupi. Kijiti chake kinapimwa injini ikiwa ya moto na inaunguruma, baada ya kupitisha gia zote kutoka P hadi L na kurudi. Haidroliki, yaani mafuta ya gia boksi, ikipungua, gari linasitasita asubuhi kama lako. Nusa. Ikinuka kuungua, ikiwa nyeusi na ina chenga za chuma, usiiguse, panga kuuza gari. Ikiwa imefifia tu, mwaga na ujaze haidroliki ya aina ya T-IV. Inatoka kama lita 3 hivi kwa kumwaga, nyingine inabaki ndani, kwa hiyo rudia baada ya kilomita 1,000. Usikubali kuoshwa kwa mashine ya presha kwenye gia boksi ya umri huu, wala "haidroliki yoyote nyekundu". Zote ni nyekundu, lakini si zote ni T-IV.

Sasa dalali. IST za umbo la kwanza zilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007. Kwa hiyo unaongeza milioni 6 kununua gari la rika moja na ulilonalo, lenye viti vitano, na nyinyi nyumbani mko sita. Na namba D isikupumbaze: inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, haisemi lini lilitoka kiwandani. Siku ukiamua kweli kubadilisha, tafuta Sienta ya umbo la kwanza. Ina viti saba na injini ya 1NZ-FE ya cc 1,500 ambayo haina sifa mbaya ya oili kama hii. Ila zile za kuvutwa na magurudumu ya mbele zina gia boksi ya CVT, isiyo na gia za hatua, inayotaka oili yake yenyewe. Ukimimina T-IV humo umeiua.

Ukienda kutazama gari la mtu, mwambie asiliwashe kabla hujafika, kisha weka mkono kwenye boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Ukigeuza ufunguo kabla ya kuwasha, taa ya injini na ya eabegi lazima ziwake, ndipo zizime. Isiyowaka kabisa imezibwa au imekatwa waya. Liache liungurume dakika 5, kisha kanyaga ghafla utazame nyuma. Tairi zina tarakimu nne ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba ya chasi ilingane na kadi, na deni la trafiki liangaliwe kabla hela haijatoka mkononi.

Kwa hiyo hela yako ya mwezi huu iende hivi: feni, kifuniko, themostati na kulanti kwanza, pamoja na brekipedi kama zimebaki chini ya milimita 3. Kisha PCV, oringi ya tenshena, na oili ya 10W-40 na filta. Gia boksi ifuate mwezi ujao. Fundi akuandikie spea mbali na ufundi mbali, na spea za zamani akurudishie mkononi, hata ile oringi. Kipimo cha kompresheni kifanywe kwenye gereji nyingine, ambayo haina injini ya kukuuzia.

Wabusu watoto. Zile namba nne za kompresheni nitumie zilivyo, silinda ya kwanza hadi ya nne, usinifupishie.

Mama yako