Kuzuia mmomonyoko kwenye kiwanja chenye mteremko

Ndugu, kwa kuwa umeuliza iwapo usafishe kiwanja chako chote cha Goba sasa ili msingi uchimbwe wakati wa masika, ushauri wangu ni kwamba usifyeke zaidi ya eneo utakalojenga mara moja. Mizizi ya nyasi na vichaka ndiyo inayoushika udongo, na mvua za Machi hadi Mei zikikuta ardhi iko wazi zitauteremsha hadi kwa jirani wa chini na kwenye mtaro wa barabara, jambo ambalo kwa kweli si haki kwake.

Kabla ya kuchimba msingi, chimba mfereji upande wa juu wa kiwanja, wenye mwinamo mdogo, ili maji yatokayo mlimani yazunguke eneo la kazi badala ya kulipitia, na mwisho wake upange mawe, maana hapo ndipo maji huchimba korongo jipya. Upande wa chini, weka kizuizi cha kitambaa kinachopitisha maji polepole, na ukingo wake wa chini uufukie ardhini kwa sentimita 15 hivi. Mafundi wengi huuacha ukining'inia, na tope lote hupita chini yake. Udongo wa juu uurundike mbali na mtaro, ukiwa umefunikwa kwa turubai.

Kingo zilizokwisha kukatwa zitandazwe nyasi kavu mapema, kisha vetiva, aina ya nyasi, ipandwe mvua zinapoanza, kwa safu zinazokingama mteremko. Kila baada ya mvua kubwa, zoa tope kabla halijafikia nusu ya kimo cha kizuizi.