Shangazi, rafiki yangu anasema nilimdharau mbele ya wakwe

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 23, nasoma chuo hapa Dar es Salaam. Nyumbani naongea mpaka mama ananiambia nipumzike, lakini mbele ya watu nisiowazoea koo linabana na sauti haitoki. Niko hivi tangu darasa la kwanza. Mwalimu akiita majina nilishindwa kuitika, nikachapwa. Mpaka leo dukani naandika kwenye simu, namwonyesha muuzaji. Mwezi uliopita, kwenye sendofu ya rafiki yangu kipenzi, MC alinipa maiki nimtakie heri. Nilisimama, nikamtazama, nikairudisha. Tangu siku hiyo hajibu meseji zangu. Anawaambia watu nilimdharau. Nifanyeje?*

*Bubu wa Watu*

Marahaba, mwanangu. Jina ulilojipa silipendi, kwa hiyo nitakuita mwanangu.

Mimi si daktari na siwezi kukupima kwa barua. Ila unayoyaeleza yanafanana mno na hali ambayo wataalamu huiita ububu wa kuchagua: mtu anaongea vizuri mahali pamoja, mahali pengine anashindwa kabisa, hata akitaka. Tangu 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaiweka kwenye kundi la matatizo ya hofu. Mara nyingi huanza kabla mtoto hajafika miaka 5, na watu hushtuka anapoanza shule. Ndiyo maana habari ya mwalimu imeniuma. Ulichapwa kwa sababu ya hofu, na fimbo ikaiongeza.

Sasa rafiki yako. Naye ameumia, na ana haki. Wakwe wamekaa meza ya mbele, kamera inachukua, ukumbi mzima unasubiri neno lako. Alichokiona ni rafiki anayerudisha maiki. Koo lililobana hakuliona, na miaka yote hukuwahi kumwambia.

Mwambie sasa. "Samahani kwa yaliyotokea" haitoshi. Mweleze mwili wako ulifanya nini ulipoishika ile maiki, mweleze na ya darasa la kwanza. Kisha yale uliyotaka kumtakia siku ile, jifungie chumbani uyarekodi, umtumie voisi. Hata ikiwa fupi, hata sauti ikitetemeka, ni sauti yako ndiyo aliyoikosa. Ikishindikana kabisa, andika. Asipojibu, usimfuate kwa meseji ishirini. Mpe muda, kisha mwombe mama yako aongee na mama yake. Wazazi huweza kufungua mlango ambao vijana wameufunga kwa hasira.

Mkipatana, usimwachie abuni mwenyewe namna ya kukusaidia. Mwambie akikuuliza kitu mbele za watu anyamaze kidogo, akupe nafasi, asikimbilie kukujibia. Na siku ukitoa neno, asipige kelele "jamani leo kaongea!" Najua atafanya hivyo kwa furaha, lakini macho yote yakikugeukia utajifunga tena.

Kuna njia ambayo wataalamu huitumia sana kwa watoto, na wakubwa pia huwafaa. Kaeni wawili, wewe na mtu uliyemzoea, pale unapoongea bila shida, labda sebuleni kwenu, mkicheza karata. Mtu wa tatu, mmoja tu, awe chumba cha pili kwanza, mlango wazi, wewe ukiendelea kuongea. Siku nyingine akae karibu na mlango. Baadaye ashike karata naye. Kama sauti imekatika, arudi nyuma hatua moja, bila lawama wala haraka. Inaweza kuchukua miezi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema mno.

Lakini hali uliyoibeba tangu darasa la kwanza inastahili zaidi ya majibu ya Shangazi. Hospitali ya Muhimbili hapo Dar ipo idara ya magonjwa ya akili, na vyuo vingi vina ofisi ya ushauri nasaha. Muulizie mwanasaikolojia. Najua kinachokutisha ni kufika pale mapokezi na kujieleza, kwa hiyo usijieleze: nenda na mama yako siku ya kwanza, na barua hii uliyoniandikia uichapishe umkabidhi mtaalamu. Yote anayohitaji kuanzia yamo humo.

Voisi usiisubirishe mpaka upone, mwanangu. Mtumie rafiki yako wiki hii, kisha niandikie amesemaje.