Ile 0.05 iliyoniaibisha Birere

Kijana mmoja wa Bukavu ameniandikia juzi: "Yaya, lodi yangu inasoma 4.6 A, multimeta inasoma 5. Niamini ipi?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo liliwahi kunichafulia jina.

Sisi tunaofungua batri, tunaotaka siku moja Goma inunue batri zilizofungwa na mikono ya hapahapa, lodi ya elektroniki ndiyo mizani yetu. Unaipangia ampea, inanyonya batri huku ikihesabu Ah (ampea mara saa), na volti zikifika kwenye kikomo inajizima. Yangu ni ya 150 W. Ilipofika niliilinganisha na multimeta, ile mita ya mkononi ya kupima umeme, kwa 0.5 A, kwa kuogopa kuunguza fyuzi yake. Lodi ikaonyesha 0.56. Nikaingia kwenye menyu, nikaishusha hadi 0.50, nikajipongeza. Nilipochomoa nyaya, kioo kilibaki na 0.05 A. Nikasema hiyo ni kitu kidogo.

Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja wa Ndosho anayechaji simu za watu, na batri ya lithiamu ya 12.8 V, 100 Ah, aliyoinunua siku chache nyuma. Nikaivuta 10 A kutwa nzima. Lodi ikakata kwenye 88 Ah. Nikamwambia, kwa sauti ya profesa, "Mama, wamekuuzia batri iliyochoka." Na kiburi changu nikapanda naye pikipiki hadi Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, kumshtaki muuzaji mbele ya wateja wake.

Muuzaji hakubishana. Aliiacha usiku kucha kwenye mashine yake. Kesho yake alituita: 99 Ah. Mama hakunitukana. Aliniangalia tu, akabeba batri yake. Hilo bado linaniuma kuliko kicheko cha wale vijana wa pale.

Usiku nilikaa na kalamu. Lodi ilikuwa inaongeza 0.06 A kwenye kila kipimo, hata bila kitu. Mimi sikuiondoa hiyo. Nilipunguza kipimo chote kwa karibu asilimia 11 ili 0.56 iwe 0.50, na ile 0.06 ya bure ikabaki 0.05. Kwa ampea ndogo ilionekana sawa. Kwa 10 A ilisoma 8.98. Saa kumi za namna hiyo, zimepotea Ah kumi! Na nyaya zangu nyembamba zilikuwa zinakula volti: kwenye batri 12.4, kwenye lodi 11.8. Kwa hiyo ilikuwa inakata mapema pia.

Basi, ndugu yangu wa Bukavu, acha mashine ipate joto nusu saa. Anza na sifuri, bila kitu kimechomekwa. Kisha nenda kwenye ampea unazotumia kweli, si zile zisizokutisha, ndipo urekebishe. Rudi usome sifuri tena. Usiiache multimeta muda mrefu kwenye 10 A, zile za bei rahisi zinavumilia sekunde chache tu. Mimi nimefunga katikati ya waya shanti, kipande cha chuma chenye ukinzani mdogo unaojulikana, ya 50 A, 75 mV (yaani ampea 50 zinatoa milivolti 75): 10 A inatoa 15 mV, 5 A inatoa 7.5. Unasoma kwa raha. Volti zipime kwa nyaya mbili za peke yake hadi kwenye ncha za batri, zisizobeba mzigo. Na badilisha betri ya multimeta yenyewe, maana ikichoka inasoma juu.

Lakini sifuri kwanza. Nawaona vijana wananunua mashine leo, kesho wanahukumu batri za watu, hata sifuri hawajaiangalia. Mtu anauza simu tatu ili apate ile batri, nawe unamwambia imekufa! Tuwe na haya kidogo.

Muuzaji wa Birere tunasalimiana sasa. Hata jana alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Fundi, sifuri yako leo ni ngapi?"