Kabla Hujatuma Pesa Kariakoo: Mazabodi Iliyokufa na Mazabodi Isiyopatana na Vifaa Vyake

Hapa Mtwara mjini, kifaa cha kompyuta kisichopatikana madukani huagizwa Kariakoo na kuletwa kwa basi, safari ya zaidi ya kilomita 500, na wauzaji wengi wa vifaa vilivyotumika hawapokei tena kile walichokwisha kukiuza. Kwa hiyo fundi wa huku hawezi kubahatisha kwa kubadilisha hiki na kile mpaka mashine iwake. Katika kazi yangu ya kutengeneza kompyuta za shule, za vyama vya ushirika na za watu binafsi, nimeona kwamba mazabodi nyingi (mbao kuu zinazounganisha vifaa vyote vya kompyuta) zinazoletwa kwangu zikiwa zimekwisha kutangazwa kuwa zimekufa huwa ni nzima. Ama miguso yake imeingia kutu na uchafu, ama imepachikwa kifaa ambacho haikuundwa kukipokea. Swali ninaloanza nalo kwa kila mteja ni kama kuna kitu chochote kilichobadilishwa kabla mashine haijagoma.

Ikiwa hakuna kilichobadilishwa, habari ya upatanifu iwekwe kando kwanza. Hewa ya pwani yetu ina chumvi na unyevu, na kompyuta iliyokaa miezi kadhaa bila kuwashwa, hasa wakati wa masika, hupata utando kwenye miguso ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ambao jicho halioni kwa urahisi. Chomoa waya wa umeme ukutani, toa RAM, sugua miguso yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, kisha ipanguse kwa spiriti na uiache ikauke. Msasa usitumike hata kidogo, kwa maana unaondoa utando pamoja na dhahabu yenyewe. Pima pia betri ndogo ya CR2032, ambayo ikiwa mpya hutoa volti 3 au zaidi kidogo. Ikishuka sana, saa na mipangilio ya BIOS (programu ndogo inayoiamsha mazabodi) hupotea, na baadhi ya mazabodi hugoma kabisa kuwaka.

Baada ya hapo, toa mazabodi nje ya kasha na uilaze juu ya kadibodi kavu, ukiiachia prosesa (ubongo wa kompyuta) na feni yake, pawa saplai (kisanduku cha kugawa umeme) na spika ndogo ya kutoa mlio. Sasa iwashe bila RAM yoyote. Mafundi wachanga huliona jaribio hili kuwa la ajabu, lakini mimi nalithamini kuliko kifaa chochote cha kupimia: mazabodi ikilalamika kwa milio kwamba haina RAM, maana yake prosesa inafanya kazi, BIOS inasomeka na sehemu kubwa ya njia za umeme iko salama. Hapo utakuwa umeepuka kununua mazabodi. Ikikaa kimya, pima umeme kwa multimita kabla ya kutoa hukumu. Njia ya volti 12 inaruhusiwa kuwa kati ya 11.4 na 12.6, na pawa saplai inayotoka nje ya mipaka hiyo ibadilishwe nzima nzima. Isifunguliwe na mtu asiye na uzoefu, kwani kapasita zake huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.

Mashine iliyogoma mara tu baada ya kuwekewa kifaa kipya ni jambo jingine, na hapa ndipo pesa nyingi za watu zinapopotea. Mfano ninaokutana nao sana ni soketi, yaani kiti cha prosesa, ya Intel LGA1151. Mtu mwenye mazabodi ya chipuseti (chipu inayoratibu vifaa) ya H110, iliyotengenezwa kwa prosesa za kizazi cha 6 na cha 7, anasikia kwamba i3-8100, ya kizazi cha 8, ina soketi hiyo hiyo, anaagiza, inafika Masasi au Newala, inaingia vizuri bila kulazimishwa, feni zinazunguka, lakini kioo kinabaki cheusi. Prosesa si mbovu wala mazabodi haijaungua. Kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017, kilipangiwa upya baadhi ya pini kwa ajili ya umeme, na Intel ilikiwekea chipuseti za mfululizo wa 300. Idadi ya pini ni ile ile, makubaliano ni tofauti.

Hata pale soketi na chipuseti vinapolingana, BIOS ya zamani inaweza isiitambue prosesa mpya. Mazabodi nyingi za H61 zilitoka na BIOS inayojua kizazi cha 2 tu, na huhitaji kuboreshwa zikiwa bado na prosesa ya zamani ndipo zipokee ya kizazi cha 3. Usiiuze prosesa ya zamani kabla ya mpya kuwaka. Pia angalia herufi ya mwisho: prosesa kama i5-10400F haina grafiki ya ndani, kwa hiyo waya wa skrini ukichomekwa kwenye mazabodi hautaonyesha kitu mpaka uweke kadi ya grafiki.

Kwenye RAM, DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, na mkato wa kila moja umewekwa mahali pake ili kukuzuia. Ukiona unatumia nguvu, acha. Jihadhari na soketi ya LGA1700, kwa kuwa baadhi ya mazabodi zake hutumia DDR4 na nyingine DDR5. Kwenye diski za M.2, zile nyembamba zinazochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, umbo linaweza kufanana huku moja ikiwa ya SATA na nyingine ya NVMe, yaani njia mbili tofauti za kuwasiliana na mazabodi. Kompyuta za ofisi zilizotumika nazo zina ukaidi wao: Dell OptiPlex 9020, kwa mfano, haitumii plagi ya kawaida ya pini 24, hivyo pawa saplai ya dukani haiingii bila waya wa kuunganishia.

Unapoagiza, usimwambie muuzaji "mazabodi ya Core i5", kwani maneno hayo hayamwelezi chochote. Mpigie picha jina la mazabodi lililochapishwa kwenye ubao wenyewe, pamoja na namba ya toleo, na picha ya lebo ya RAM; wewe mwenyewe ulitafute jina hilo kwenye tovuti ya mtengenezaji na usome orodha ya prosesa inazokubali. Mwombe aiwashe mazabodi mbele ya kamera ikiwa na prosesa ya aina yako. Ukinunua mazabodi ya Intel ya aina hizi, sisitiza kifuniko cha plastiki cha soketi kirudishwe kabla haijafungwa, kwa sababu pini ziko kwenye mazabodi na barabara ni ndefu. Ikifika, mulika soketi kwa tochi ya simu ukiitazama kutoka pembeni kabla ya kuweka prosesa. Pini moja ikionekana imelala, usiibane prosesa juu yake. Ipige picha na umtumie muuzaji saa hiyo hiyo, kabla hajapata sababu ya kusema kwamba umeipinda wewe.