Biskuti za matcha, miso na ufuta mweusi: donge lirekebishwe kwa kila kiungo

Muuliza swali ameeleza kwamba biskuti zake za matcha (unga laini wa majani ya chai ya kijani) hutoka kwenye oveni zikiwa na rangi ya udongo, za miso (rojo la chumvi la soya iliyochachushwa) huungua kingo kabla ya katikati kuiva, na angependa kujua kama donge moja linafaa kwa biskuti tamu na za chumvi. Nimezoea kuoka aina zote mbili, na naona kosa kubwa ni kuvitumia viungo hivi vya Kijapani kama vanila, inayotiwa bila kugusa kipimo kingine chochote. Kila kimoja huja na chumvi, maji au mafuta yake, na donge halina budi kurekebishwa.

Donge langu la msingi lina gramu 200 za unga wa ngano, gramu 130 za siagi isiyo na chumvi, gramu 80 za sukari ya unga na kiini kimoja cha yai.

Ukijani wa matcha unatokana na klorofili, ambayo huharibiwa na joto na mwanga. Kwa hiyo ninapunguza gramu 10 za unga, ninatia gramu 10 za matcha iliyochekechwa, kwa kuwa hushikamana vidonge vidonge, kisha ninaoka kwa nyuzijoto 150 badala ya 180. Ninazitoa zikiwa bado laini kidogo katikati, kwani hukakamaa zinapopoa. Anayesubiri kingo zipate rangi ya dhahabu amekwisha chelewa.

Miso ina amino asidi nyingi pamoja na sukari, na viwili hivyo vikikutana na joto hubadilika kuwa kahawia upesi. Chagua miso nyeupe, ambayo kwa kawaida haijachachushwa muda mrefu kama ile nyekundu na ina chumvi pungufu kuliko hiyo. Gramu 30 zinatosha. Zipondeponde ndani ya siagi kabla ya kutia unga, usiongeze chumvi yoyote, na ulilaze donge kwenye friji kwa saa moja, maana maji ya miso hulilegeza. Nyuzijoto 165 zinatosha.

Ufuta mweusi una ugumu wake: ukiukaanga huwezi kuona unapoanza kuungua. Mimi huchanganya chembe chache za ufuta mweupe kwenye kikaango kilekile, na zinapogeuka rangi ya hudhurungi hafifu ninaepua zote. Katika kuutwanga, acha ungali mchangamchanga. Ukiendelea, mafuta hutoka, na biskuti husambaa kwenye trei hadi zikagusana.

Kwa biskuti za chumvi, donge lilelile linafaa iwapo sukari itapunguzwa hadi gramu 15 na kuongezwa gramu 60 za jibini ngumu iliyokunwa, pamoja na miso gramu 15 tu, kwani jibini nayo ina chumvi. Sukari ikipungua unga hushikana zaidi, kwa hiyo usikande sana, na gramu 40 za unga wa ngano zibadilishe kwa unga wa mchele ili biskuti zivunjike vizuri mdomoni. Mwani wa nori ukatekate na kuuchanganya ndani ya donge, kwa sababu ukiwekwa juu huungua na kuwa mchungu. Shichimi, mchanganyiko wa viungo saba wenye pilipili, nyunyiza kidogo tu juu kabla ya kuoka.

Zenye nori zifungiwe kwenye kopo mara tu zinapopoa kabisa, kwa kuwa mwani hunyonya unyevu wa hewa haraka.