Maswali ya Wasomaji: Tovuti Ndogo na Maneno Yasiyogombaniwa

SWALI: Shikamoo mwandishi wa safu. Naendesha tovuti ndogo kutoka Ujiji, ambamo naandika habari za utalii, samaki na biashara za mkoa wetu wa Kigoma. Kwa mwaka mmoja na nusu nimechapisha makala 42, zikiwemo zenye vichwa kama "Utalii Tanzania", "Ziwa Tanganyika" na "Vivutio vya Kigoma", lakini wanaonifikia kupitia Google hawazidi watatu kwa siku, na nashuku kwamba wawili kati yao ni mimi na mdogo wangu. Fedha za kulipia matangazo sina. Rafiki yangu ananishauri niandike kwa kufuata maneno ambayo watu wengi hawayatafuti. Je, nikiandika yasiyotafutwa, nitasomwa na nani?
Msomaji wa Ujiji

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalowakwamisha wengi. Jambo lisilotafutwa na mtu yeyote si sawa na jambo linalotafutwa na watu wachache wenye haja nalo. La kwanza ni kupoteza muda. La pili ndilo alilokusudia rafiki yako, na kwa mtu asiye na fedha za matangazo sioni njia nyingine iliyo bora zaidi ya kupata wasomaji bila kulipa.

Tazama unashindana na nani unapoandika makala yenye kichwa "Utalii Tanzania". Mbele yako wapo TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa), Bodi ya Utalii, Wikipedia, magazeti makubwa na kampuni za safari za Arusha ambazo zimeajiri watu kwa kazi hiyo tu. Ukurasa wa kwanza wa Google una nafasi kama kumi, na wachache sana huendelea hadi ukurasa wa pili. Hata makala yako ikiwa nzuri kuliko zao, tovuti yako bado haijajulikana na hakuna tovuti nyingi zinazoielekezea viungo (linki), kwa hiyo itawekwa mahali ambapo hakuna anayefika.

Isitoshe, neno pana halionyeshi haja ya aliyeliandika. Anayeandika "Ziwa Tanganyika" na kuishia hapo anaweza kuwa mwanafunzi anayetaka kujua kina chake, ambacho hufikia mita 1,470, au mfanyabiashara anayewaza kupeleka mzigo Mpulungu, bandari ya Zambia, au mvuvi, au mtu aliyeona picha ya ziwa akavutiwa. Google isipojua anachotaka humpa maelezo ya jumla ya ensaiklopidia, nawe huna sababu ya kuandika ensaiklopidia ya pili. Lakini anayeandika "boti ya kwenda Gombe inaondoka Kibirizi saa ngapi" amekwisha kufunga begi lake. Huenda watu wa namna hiyo ni wachache mno kwa mwezi, ila kila mmoja wao atafungua ukurasa utakaomjibu, na yule aliyejibiwa vizuri huuliza la pili na la tatu.

Historia ya Gombe, yaani jinsi Jane Goodall alivyofika Julai 1960 kuwachunguza sokwe na jinsi eneo hilo lilivyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, imekwisha kuandikwa kwa lugha nyingi na watu wenye nyenzo kutuzidi mimi na wewe. Mwalimu wa Kasulu anayetaka kuwapeleka wanafunzi wake huko kwa boti ya kawaida, akijiuliza raia hulipa kiingilio gani, watoto watalala wapi na chakula kitahifadhiwaje nyani wasikinyakue, hajaandikiwa na mtu. Wewe unaishi mwendo mfupi tu kutoka Kibirizi. Nenda asubuhi, uliza nauli, andika tarehe uliyouliza, rudi uchapishe. Hakuna kampuni ya Arusha itakayomtuma mtu kufanya kazi hiyo.

Tangu mwaka 2004 wataalamu wa biashara ya mtandaoni wameiita hali hii "mkia mrefu": maneno machache hutafutwa na umati, kisha hufuata mkia wa maneno yasiyohesabika ambayo kila moja lina watu wake wachache. Google yenyewe imekuwa ikieleza kwamba takriban asilimia 15 ya yanayoulizwa kila siku hayajawahi kuulizwa kabla. Fanya hesabu ya mfano: kurasa 30 zikileta wasomaji wawili wawili kwa siku, utakuwa na 60, na hakuna hata mmoja uliyemnunua.

Sasa tuone namna ya kuyapata maneno hayo. Fungua Google, andika mwanzo wa swali bila kulimaliza, kwa mfano "dagaa wa Kigoma", kisha usome mapendekezo yanayojitokeza chini yake, kwa sababu hutokana na yale ambayo watu huandika. Ongeza neno moja kila mara: bei, lini, kwa nini, jinsi ya, wapi. Shuka hadi mwisho wa ukurasa wa matokeo uone utafutaji unaohusiana. Yote haya ni bure na yanawezekana kwa simu yenye bando dogo.

Hata hivyo, kwa anayeandika Kiswahili naona masikio yana faida kuliko zana. Zana za kukadiria idadi ya watafutaji zina takwimu chache za lugha yetu, kwa hiyo mara nyingi zitakuonyesha sifuri mbele ya swali ambalo wewe umelisikia mara nne wiki hii. Sifuri hiyo ina maana kwamba zana haina hesabu. Haina maana kwamba hakuna anayeuliza. Kaa na daftari mahali abiria wanapokata tiketi, mahali wachuuzi wa dagaa wanapopokea simu za wateja wa Dar es Salaam, au katika kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa mawese, na uandike maswali kwa maneno yaleyale ya wanaouliza. Usiyasafishe. Mtu wa Kigoma hutofautisha mawese, yatokayo kwenye nyama ya tunda la mchikichi, na mise, itokayo kwenye kokwa, lakini mnunuzi wa mbali anayetafuta mafuta ya kutengenezea sabuni huenda hajawahi kulisikia neno mise, naye ataandika "mafuta ya mbegu za michikichi". Ukurasa wako hauna budi kuwa na maneno yote mawili, ukieleza kwa uwazi kwamba kinachosemwa ni kitu kimoja.

Kabla ya kuandika, pima ushindani kwa macho yako mwenyewe. Tafuta swali hilo kama lilivyo na usome matokeo ya ukurasa wa kwanza moja baada ya jingine. Ukikuta kwamba yanazungumzia jambo jirani tu, au yameandikwa kwa Kiingereza pekee, au yametoa bei za miaka sita iliyopita, nafasi ipo. Ukikuta taasisi yenye mamlaka imejibu vizuri na kwa ukamilifu, liache swali hilo hata kama unalipenda.

Kuhusu uandishi wenyewe, ukurasa mmoja ujibu haja moja. Weka swali katika kichwa kwa maneno ambayo watu wanayatumia, toa jibu katika aya ya kwanza, kisha ndipo uingie katika maelezo. Waandishi wetu wengi, nami nilikuwa mmoja wao, wana mazoea ya kuanza na aya tatu za salamu na historia kabla ya kusema boti inaondoka saa ngapi. Msomaji wa simu amekwisha kurudi nyuma kabla hujafika huko. Usirudierudie neno moja kwa kudhani kwamba unaisaidia Google, kwani kurundika maneno kunakatazwa na kanuni zake, na ile orodha ya maneno iliyofichwa ndani ya ukurasa, ambayo baadhi ya mafundi bado wanaitoza fedha, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii katika kupanga matokeo. Usigawanye pia "nauli ya boti Gombe", "bei ya boti Gombe" na "gharama ya boti Gombe" kuwa kurasa tatu, kwa maana haja ni moja na zitanyang'anyana nafasi zenyewe kwa zenyewe.

Yapo pia maswali ya msimu, nayo yanafaa sana kwa mkoa wako. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Katika kipindi cha namna hiyo muuza dagaa wa Dodoma hujiuliza kwa nini bei imepanda, ziwa litafunguliwa lini, na dagaa waliokaushwa kabla ya kufungwa watakaa ghalani kwa muda gani bila kuharibika. Ukurasa wa maswali hayo uwe tayari wiki kadhaa kabla ya msimu, kwa kuwa Google huhitaji muda wa kuutambua na kuupanga. Usiufute msimu ukiisha. Usahihishe kila mwaka katika anwani ileile.

Zile makala zako 42 usizitupe. Ile ya "Ziwa Tanganyika" iache iwe ukumbi: weka ndani yake viungo vya kurasa ndogo za boti, dagaa, migebuka na meli, ili mgeni na Google wote wapate njia ya kuingia ndani.

Mwisho, jisajili katika Google Search Console, ambayo hailipiwi. Itakuonyesha maneno yaliyoifanya tovuti yako ionekane, mara ngapi imeonekana, mara ngapi imefunguliwa na ilikuwa nafasi ya ngapi, kwa kumbukumbu za hadi miezi 16. Mimi huanza na maneno yaliyonifikisha kati ya nafasi ya 8 na ya 20. Hapo Google imekwisha kunikubali kwa nusu, na mara nyingi huona kwamba watu wananifikia kwa swali ambalo sikulijibu waziwazi; naongeza aya mbili za kulijibu, narekebisha kichwa, nasubiri. Kusubiri huko ni kwa wiki, pengine miezi. Anayetaka wasomaji kesho asubuhi itambidi alipie matangazo.

SWALI: Mimi ni mfugaji wa nyuki wilayani Sikonge, mkoani Tabora, na nina blogu ya kuuzia asali. Nimeandika "asali ya Tabora" na "faida za asali" mara nyingi bila mafanikio. Je, nihamie Kiingereza?
Mfugaji wa nyuki, Tabora

JIBU: Ndugu mfugaji, mzinga wako wa kumi huutundiki kwenye mti ambao tayari una mizinga tisa ya watu. Katika "faida za asali" mti umejaa hadi kwenye vijiti: wapo madaktari, wauza dawa za asili na wanaonakili kutoka kwao wote. Kwa Kiingereza hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa utakuta huko wauzaji wa dunia nzima. Kiingereza kitumie kwa ukurasa mmoja au miwili iliyokusudiwa wanunuzi wa nje, kama unao uwezo wa kuwahudumia. Kwingine baki na Kiswahili.

Wateja wako huuliza nini wakipiga simu? Nadhani huuliza kama asali iliyoganda imechanganywa na sukari. Hilo ni swali zuri mno, kwa sababu linaulizwa na mtu ambaye ameshika chupa mkononi na anakaribia kuamua kama atanunua tena. Mjibu kwamba asali halisi nayo huganda, kwa kuwa sukari ya glukosi iliyomo hujitenga na kuwa chengachenga, na kwamba chupa ikiwekwa ndani ya maji ya uvuguvugu asali huyeyuka bila kuchemshwa. Andika pia tofauti ya asali ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo wasiouma, kwa nini asali ya msitu wa miombo inaweza kuwa na rangi tofauti kutoka msimu hadi msimu, na namna ya kusafirisha ndoo kwa treni bila kuvuja.

Upande wa pili wapo wafugaji wenzako, ambao huuliza "kwa nini nyuki hawaingii kwenye mzinga" na "nta ya kupaka mzinga inapakwaje". Hao hawatanunua asali yako, hilo ni kweli, na kwa hiyo usiwaandikie kurasa ishirini ilhali lengo lako ni kuuza. Kurasa mbili tatu zinatosha, kwa faida hii: mfugaji anayezikubali atazisambaza, na viungo vya namna hiyo huisaidia tovuti nzima. Uchache wa washindani peke yake haulifanyi neno kuwa zuri; jiulize pia anayeliandika ana haja gani ambayo wewe unaweza kuitimiza.

SWALI: Kuna kijana amenitaka nimlipe shilingi 300,000 ili duka langu la vitenge liwe la kwanza Google ndani ya wiki moja. Nimlipe?
Mama wa vitenge, Mwanga, Kigoma

JIBU: Hapana, mama. Google imesema wazi katika miongozo yake kwamba hakuna anayeweza kudhamini nafasi ya kwanza. Muulize litakuwa la kwanza kwa neno gani. Akitaja jina la duka lako, ambalo hakuna mwingine anayelitumia, hilo utalipata karibu bure kwa kulisajili duka katika ramani za Google, ukaweka picha za vitenge vyako, saa za kufungua na namba ya simu. Akitaja neno "vitenge" peke yake, mwombe akuonyeshe duka jingine alilolifikisha hapo, mlitafute pamoja kwa simu yako wewe, si kwa simu yake.