Mwanangu alizirai akikimbia: je, arudi uwanjani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 15 na yuko katika timu ya shule inayojiandaa kwa UMISSETA. Mwezi uliopita alianguka katikati ya mbio, akazirai kwa muda mfupi, kisha akazinduka mwenyewe. Hospitali walimpima malaria na umeme wa moyo, wakasema yuko salama. Majirani wanasema ni kifafa, mwalimu anasema ni njaa. Je, aendelee na mazoezi?
Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Asirudi uwanjani kwa sasa, na naomba mwalimu wake ajulishwe leo. Kijana anayeanguka baada ya kusimama muda mrefu juani mara nyingi hana ugonjwa wa moyo, lakini anayezirai huku bado anakimbia ni lazima moyo wake uchunguzwe mpaka sababu ijulikane.

Mojawapo ya sababu hizo, ambayo husahaulika mno, ni kasoro ya kuzaliwa nayo katika mishipa inayolisha moyo wenyewe. Kwa kawaida mishipa hiyo ni miwili, nayo huchipuka kwenye aota, yaani mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kuipeleka mwilini, juu kidogo ya valvu yake (mlango wa kupitishia damu), kila mmoja upande wake. Kwa watoto wachache mshipa wa kushoto huchipuka upande wa kulia, ukalazimika kupenya kati ya aota na mshipa mkubwa uendao mapafuni, na mara nyingi mdomo wake huwa mwembamba kama ufa. Mtoto akiwa ameketi darasani, damu hupita vizuri. Akikimbia, aota hutanuka na mshipa huweza kubanwa, saa ileile ambayo misuli ya moyo inahitaji damu nyingi zaidi. Ndiyo maana kipimo cha umeme wa moyo kilichofanywa akiwa amelala kitandani huweza kutoka safi kabisa.

Nguvu za mwili nazo si ushahidi. Pete Maravich wa Marekani alicheza misimu 10 ya kikapu katika ligi ya NBA, akafariki tarehe 5 Januari 1988 akiwa na miaka 40, katika mchezo wa kujifurahisha tu. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba alizaliwa bila mshipa wa kushoto wa moyo.

Omba rufaa kwa daktari bingwa wa moyo, kwa mfano katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Atakapofanyiwa eko, yaani kipimo cha kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti, omba waziwazi mahali mishipa hii inapoanzia paangaliwe, kwa sababu eko ya kutafuta tundu au valvu mbovu huweza kuipita bila kuiona. Pasipoonekana vizuri, CT skani (picha za eksirei za kompyuta) ya mishipa ya moyo huonyesha njia yake yote. Huenda ikagundulika sababu nyingine, kama misuli ya moyo iliyonenepa au hitilafu ya mapigo, na kifafa pia kitapimwa kwa utaratibu wake.

Ikiwa ni mshipa huo wa kushoto, tiba ni upasuaji wa kupanua mdomo wake au kuuhamishia mahali pake, na vijana wengi huruhusiwa kurudi michezoni baada ya miezi kadhaa, wakishapimwa tena. Wala usikubali kulaumiwa, mama: kasoro hii hutokea moyo unapoumbika tumboni, haitokani na malezi yako.

Kwa sasa anaweza kutembea kwenda shule, ila asikimbie, asiogelee, wala asibebe mizigo mizito. Akianguka tena na asipumue, msimmwagie maji: mmoja aite msaada, mwingine amkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka wahudumu wa afya wafike.